Nimtaje vipi aliyegundua hitilafu bila kuandika msimbo?

Mtunza mradi
Ndugu zangu, ninasimamia mradi mdogo wa programu huria. Hivi karibuni mtu alituletea taarifa ya hitilafu iliyochunguzwa kwa makini: alieleza hatua za kuirudia, akautaja mstari unaoisababisha, na akapendekeza marekebisho. Mimi niliandika mistari minne tu, nikaiingiza kwa jina langu, na sasa historia ya mradi inanionyesha mimi peke yangu. Hajalalamika, lakini dhamiri inanisuta.

Mzee wa viraka
Git, programu inayotunza historia ya msimbo, huhifadhi majina mawili kwa kila badiliko, yaani la aliyelitunga na la aliyeliingiza, kwa hiyo angekuletea kiraka, yaani badiliko la msimbo lililo tayari, ungemwandika mtunzi kwa chaguo la --author na jambo lingekwisha. Huyu hakuandika msimbo. Watunzaji wa kiini cha mfumo endeshi wa Linux humaliza ujumbe wa badiliko la namna hiyo kwa mistari ya "Reported-by:" (aliyeripoti) na "Suggested-by:" (aliyependekeza), na aliyejaribu marekebisho hupewa "Tested-by:". Mkiandika pamoja, tumia "Co-authored-by:", ambayo GitHub, tovuti ya kuhifadhia miradi, huitambua tangu 2018, mradi barua pepe unayoiweka iwe ile iliyo kwenye akaunti yake. Badiliko lako limeshasambazwa, basi usiichokonoe historia; mtaje katika maelezo ya toleo lijalo.

Mfasiri
Ningeongeza kwamba hesabu zenyewe zinapotosha. Amri ya git shortlog -sn huhesabu mabadiliko, si jasho, kwa hiyo aliyesahihisha herufi moja hupata moja sawasawa na aliyekesha wiki mbili. Mimi nilitafsiri menyu zote za programu fulani nikazituma kwa barua pepe, na msimamizi akaziingiza kwa jina lake. Nina hakika hakukusudia ubaya, ila kwenye orodha ile sipo. Faili la majina, kama CREDITS la Linux, lingeniokoa.

Mzee wa viraka
Kweli kabisa. Ila kama taarifa ililetwa faraghani, mwombe ruhusa kwanza, kwa sababu jina na anwani vikiingia kwenye historia havifutiki kirahisi.

Mtunza mradi
Nimemwuliza. Amekubali, lakini kwa lakabu yake tu, bila barua pepe. Nimeshaiandika katika maelezo ya toleo, na leo ninaanzisha faili la majina, yeye akiwa wa kwanza.