Mama anarudi Moshi: aifute Part B au aendelee kulipa?

Habari zenu wapendwa,

Mama yangu ana miaka 71, ni raia wa Marekani, na mwezi wa tisa anarudi Moshi kuishi kwenye nyumba yake. Mwaka 2025, dola 185 za Part B (sehemu ya Medicare, bima ya afya ya wazee ya serikali ya Marekani, inayolipia madaktari na matibabu bila kulazwa) zilikuwa zinakatwa kila mwezi kwenye pensheni yake ya Social Security kabla pesa haijamfikia. Ananiuliza, "Nitalipiaje hospitali za Marekani na mimi niko Moshi?" Nimekosa jibu. Tukiifuta, siku akitaka kurudi watampokea tena? Na hiyo faini ya kuchelewa kujiunga ninayoisikia ni kubwa kiasi gani? Waliopitia naomba mnisaidie.

---

Dada, pole na maandalizi. Mama mpe shikamoo yangu.

Anachosema Mama kina msingi. Medicare haitamlipia kitu hospitali ya KCMC wala kwingine Tanzania. Baba yangu aliuliza hivyo hivyo mwaka 2021. Tukajaza fomu ya kufuta, CMS-1763, Part B ikakoma mwisho wa mwezi wa sita. (Fomu ikipokelewa mwezi huu, bima inakoma mwisho wa mwezi unaofuata. Msingoje wiki ya safari.)

Mwezi wa tano 2023 akarudi Marekani kuwa karibu na wajukuu. Tukaenda kuomba Part B, tukaambiwa kipindi cha kujiandikisha ni tarehe 1 Januari hadi 31 Machi. Kwa hiyo tungoje mwaka mpya.

Mzee hakuwa na wasiwasi. Kadi yake ya Medicare alikuwa ameitunza ndani ya Biblia, na mstari wa Part A, ile sehemu inayolipia kulazwa hospitali, ulikuwepo. Na ni kweli Part A hakuipoteza, kwa sababu alifanya kazi hapa zaidi ya miaka 10 na hailipii chochote. Mimi nami nikajipa moyo kwamba akizidiwa, hospitali ipo.

Usiku mmoja mwezi wa nane kifua kikambana. Tukaita gari la wagonjwa, akavalishwa gauni, akafungwa utepe wa jina mkononi, akawekwa kitandani siku mbili. Siku ya pili mhudumu akaja na karatasi ya kusaini. Niliisoma mara mbili: mgonjwa hajalazwa, yuko chini ya uangalizi. Mimi namwona baba yangu amelala pale na dripu mkononi, lakini kwa hesabu za Medicare ni mgonjwa wa nje, na mgonjwa wa nje ni Part B. Gari la wagonjwa ni Part B. Hata angelazwa rasmi, daktari anayekuja kumwona kitandani ni Part B. Dialisisi ya kliniki na dawa za saratani za kuchomwa kwenye mshipa, hizo nazo ni Part B. Bili za siku zile mbili tuligawana ndugu watatu, tukamaliza mwaka 2024.

Wiki ya kwanza ya Januari 2024 tukapeleka fomu ya kujiandikisha, CMS-40B, na tarehe 1 Februari bima ikaanza. Zamani ungejiandikisha Januari ukangoja hadi Julai, lakini tangu 2023 inaanza mwezi unaofuata. Hilo ni jambo la kushukuru.

Sasa faini. Ni asilimia 10 kwa kila miezi 12 kamili uliyokaa bila Part B, na haiondoki muda wote utakaokuwa nayo. Baba alikaa miezi 31, yenye miaka 2 kamili ndani yake, kwa hiyo ni asilimia 20. Mwaka 2025, badala ya 185 alilipa 222. Dola 37 za ziada kila mwezi zinauma, lakini nilikaa na kalamu nikajumlisha michango ambayo hakuilipa miezi ile yote: ni zaidi ya dola 5,000. Faini itachukua zaidi ya miaka 11 kuimaliza pesa hiyo. Kwa hiyo dada, msitishwe na faini peke yake. Kilichotuumiza sisi ni ile miezi ya kuwa hapa Marekani, na mzee mgonjwa, tukingoja Januari.

Kama Mama anaondoka moja kwa moja, kuifuta kuna hesabu yake, ila mkubaliane kabisa kwamba akirudi, arudi kati ya Desemba na Machi. Kama atakuwa anakwenda na kurudi kila baada ya miezi kadhaa, mimi ningeendelea kulipa. Part A msiiguse hata kidogo. Ile ya bure haifutwi hivi hivi: itabidi aondoe maombi yake ya Social Security na kurudisha pesa yote aliyokwisha kupokea.

Na kuna jambo ambalo bado linaniuma, kwa sababu yule aliyetuhudumia dirishani hakulitaja. Mzee mwenye kipato kidogo anaweza kuombewa Medicare Savings Program (msaada wa kulipia Medicare) kwenye ofisi ya Medicaid, bima ya wenye kipato kidogo, ya jimbo analoishi. Akikubaliwa, jimbo linamlipia Part B, faini inaondolewa, na hangoji Januari. Viwango vya kipato hutofautiana kwa jimbo. Washauri wa mambo ya Medicare, wanaoitwa SHIP, wapo kila jimbo na ni bure. Mpigie mmoja kabla Mama hajasaini chochote.

---

Asante sana kaka, Mungu ambariki Mzee. Swali moja tu: Mama yuko kwenye mpango wa Advantage, yaani Medicare inayoendeshwa na kampuni binafsi, na wamemwambia akikaa nje zaidi ya miezi 6 watamtoa. Hiyo si ndiyo kufutwa Part B?

---

Hapana dada, na wengi hujikwaa hapo. Advantage wakimtoa anarudi kwenye Medicare ya kawaida, na mchango wa Part B unaendelea kukatwa mpaka yeye mwenyewe apeleke CMS-1763. Akija tena kuishi hapa anapewa miezi 2 ya kuchagua Advantage nyingine, ila lazima awe na Part A na Part B. Asipokuwa na B, tunarudi kwenye kungoja Januari.

Kwa hiyo muulize vizuri, mkiwa mmetulia: anaondoka moja kwa moja, au moyoni anajua atakuwa anakuja kuwaona?