Chuo kimetufundisha karatasi za CT, za mitihani ya kimataifa ya aktuaria, miaka miwili, kumbe zilifutwa zamani! Mnaotaka kusoma aktuaria (hesabu za bima na hatari) Mombasa, someni hapa kwanza

Wanajamvi, jambo hili nimekaa nalo kifuani tangu Ramadhani na leo nalitoa. Jina la chuo silitaji, nataka haki yangu kwanza. Ni chuo cha diploma hapa hapa kisiwani, na waliopita pale watakijua kwa maelezo tu.

Kidato cha nne nilipata C, lakini hesabu nilipata B+. Digrii yataka C+, kwa hiyo njia yangu ilikuwa diploma. Kijikaratasi chao cha matangazo kilisema diploma ya sayansi ya aktuaria itatusamehe karatasi za mwanzo za mitihani ya kimataifa, yaani hatutazifanya. Nilikisoma hadi kikachanika kwenye mikunjo. Mamangu anakaanga samaki Likoni, karibu na feri. Karo ile ameilipa kwa M-Pesa, mia tano leo, elfu kesho, na siku za mvua kubwa ambapo watu hawasimami kununua, alikopa kwenye chama. Miaka miwili hivyo.

Tulianza 2022. Mwalimu akaingia na rundo la fotokopi, juu zimeandikwa CT1, hesabu za fedha. Muhula wa pili CT3, takwimu. Mwaka wa pili CT5, somo la bima ya maisha, na hilo nililipenda kweli. Jedwali la vifo tulilopewa, lile linaloonyesha uwezekano wa kufa kwa kila umri, lilikuwa fotokopi ya fotokopi, wino umefifia hadi 6 na 8 hazitofautiani, lakini nililikalia. Jedwali lenyewe ni AM92, limetokana na vifo vya wanaume wa Uingereza waliokuwa na bima ya maisha. Kenya tuna majedwali yetu ya wenye bima, ya 2007 hadi 2010, na hatukuonyeshwa hata siku moja.

Usiku mmoja nilipiga hesabu ya mama. Umri miaka 40, bima ya maisha yote inayolipa shilingi 1,000,000 akifa, riba asilimia 4. Thamani ya leo ya ile milioni ni shilingi 230,560. Shilingi moja anayolipa kila mwanzo wa mwaka maadamu yu hai, thamani yake leo ni 20.005. Gawanya: yapata shilingi 11,525 kwa mwaka, kabla ya gharama za kampuni. Mama akanisikiliza huku akigeuza samaki, akasema, "Kumbe kifo nacho kina bei." Kesho yake nikamuuliza mwalimu kwa nini ile 20.005 ya miaka 40 inashuka hadi 14.134 mtu akifika 60. Akaniambia, "Lishike tu kichwani, litakuja kwenye mtihani." Jamani! Jibu lake ni la mstari mmoja: mtu wa miaka 60 amebakiwa na miaka michache ya kulipa. Nililipata mwenyewe baada ya wiki mbili. Mwalimu yule ni mhasibu, mtu mpole na wala simchukii, lakini hajawahi kukalia hata karatasi moja ya aktuaria, na waliomweka pale walilijua hilo.

Sasa sikilizeni lililonivunja. Nilikwenda atachimenti kwenye ofisi moja ya bima mjini. Pale kulikuwa na dada anayefanya kazi mchana na kusoma usiku. Akaniuliza, "Mdogo wangu, wewe uko karatasi gani?" Nikamjibu kifua mbele, "CT5, dada." Akaweka kalamu chini. "CT5 ipi? Si iliondolewa hiyo? Siku hizi ni CM1." Kisha akanifungulia tovuti ya Institute and Faculty of Actuaries, chama cha Uingereza kinachotoa mitihani hii, nisome mwenyewe, maana aliniona siamini.

Mfumo wa CT ulikoma 2018. Kuanzia 2019, CT1 na CT5 ziliunganishwa zikawa CM1, na takwimu zikahamia CS1 na CS2. Sisi tulianza 2022! Na kila moja ya karatasi hizo mpya ina sehemu B inayofanywa kwenye kompyuta: CM1 kwa Excel, CS1 na CS2 kwa R, programu ya takwimu. Na ule msamaha wa karatasi, orodha ya vyuo vinavyotambuliwa iko wazi. Nimeipekua mara tatu. Chetu hakimo.

Nikamwendea mkuu wa idara. Nikamwamkia kwa adabu, nikakaa aliponionyesha. Akasema, "Mwanangu, hesabu ni hesabu. Riba haijabadilika." Ni kweli, riba haijabadilika, na ile 20.005 ni ile ile. Lakini mtihani umebadilika! Utamkalisha mtu mbele ya kompyuta aandike R wakati hajawahi kuiona? Na wallahi hapa ndipo hasira yangu inapokaa: R ni ya bure. Haina leseni ya kununua, haina ada. Chuo kina chumba cha kompyuta, kimefungwa kufuli, na mtu mmoja mwenye flashi angeiweka kwenye mashine zote kwa asubuhi moja. Hawakukosa pesa. Hawakujali.

Kuna na pesa nyingine. Muhula wa tatu kila mmoja wetu alitozwa shilingi 15,000 za "usajili wa mitihani ya kimataifa". Usajili ule mtu hujifanyia mwenyewe mtandaoni, anajiunga kwa jina lake na kulipa kwa pauni. Hakuna hata mmoja wetu aliyepata namba ya uanachama. Na wenye kipato kidogo hupunguziwa ada wakiomba, jambo ambalo lingemfaa sana mtoto wa muuza samaki. Tumeulizia 15,000 zetu. Karani wa fedha anasema mkuu, mkuu anasema karani.

Sitaki diploma yao ifutwe. Nataka watuandikie kwa barua kwamba haisamehi karatasi yoyote, wakiondoe kile kijikaratasi kabla wengine hawajaingia muhula ujao, na waturudishie pesa za usajili. Jumatatu saa tatu asubuhi niko mlangoni kwao na barua. Darasa la 2022, kama bado mna risiti au ujumbe wa M-Pesa wa zile 15,000, nitumieni faragha leo. Mpaka sasa tuko saba. Na kama yupo humu aliyefanya CM1 akiwa Mombasa bila chuo, tafadhali aniambie alianzia wapi, kwa sababu mimi kusoma siachi.