Msamiati wa kumbukumbu za kompyuta: tumekwama sehemu tatu

Kidato5_Moshi
Wakuu, shikamooni. Tunarudia mada ya kumbukumbu na tumebishana sana. Kwanza, ROM (kumbukumbu ya kusomwa tu) na hadi diski zote hazipotezi data umeme ukikatika, sasa kwa nini hadi diski isiwe ROM? Pili, kashe (kumbukumbu ndogo ya haraka ya prosesa) na RAM (kumbukumbu ya muda ya kazi inayoendelea) zinatofautiana nini zaidi ya kasi? Tatu, flashi ya GB 16 tukiichomeka inasoma 14.9. Nyingine imeenda wapi?

FundiKaloleni, Arusha
Marahaba, wadogo zangu. Mnaangalia swali moja tu, la umeme. Ulizeni na la pili: je, prosesa inaifikia moja kwa moja? RAM na ROM inazifikia, ndiyo maana zinaitwa kumbukumbu kuu. Hadi diski, SSD (diski ya chipu) na flashi ni hifadhi ya pili. Programu iliyomo humo haiendeshwi mpaka ipakiwe kwanza kwenye RAM. Tena hadi diski mnaandika na kufuta kila siku, wakati ROM ni ya kusomwa tu.

Mkiulizwa kazi ya ROM, msiishie kusema "inatunza maagizo ya kuwashia". Elezeni na sababu: mashine inapowashwa RAM iko tupu, kwa hiyo lazima maagizo ya kwanza yatoke mahali yanapobaki bila umeme. Yanakagua vifaa, yanatafuta mfumo endeshi kwenye diski, yanaupakia kwenye RAM. Hapo ndipo alama zinapopotea.

Kwenye mashine za sasa maagizo hayo, yaitwayo BIOS, yako kwenye chipu ya aina ya flashi inayoweza kuandikwa upya, ndiyo maana husasishwa. Umeme ukikatika katikati ya zoezi hilo, mashine inaweza isiwake kabisa. Kama ni kompyuta ya mezani isiyo na UPS (betri ya dharura), msijaribu.

Njiro_Tech
Nijibu la kashe. RAM ya kawaida ni DRAM: kila biti ni kapasita moja (inayoshika chaji) na transista moja (swichi ndogo). Chaji ya kapasita huvuja, kwa hiyo safu zote huchajiwa upya, kwa kawaida ndani ya kila milisekunde 64. Kashe ni SRAM, ambayo kwa kawaida hutumia transista 6 kwa biti. Haihitaji kuchajiwa upya, hivyo ina kasi, lakini inakula nafasi na ni ghali. Ndiyo maana kashe huhesabiwa kwa megabaiti na RAM kwa gigabaiti.

Kosa la kila mwaka: mwanafunzi anaandika kwamba SRAM haipotezi data. Inapoteza! Umeme ukizimwa zote mbili zinabaki tupu.

Mwl_Hesabu
Flashi yenu haijaibiwa kitu. Mtengenezaji anahesabu GB 1 kuwa baiti 1,000,000,000. Windows inagawanya kwa 1,024 mara tatu, yaani 1,073,741,824, halafu bado inaandika GB. Gawanyeni 16,000,000,000 kwa namba hiyo mtapata 14.9. Kipimo hicho cha pili jina lake sahihi ni gibibaiti, GiB.

Kwenye mtihani someni maelekezo, kisha andikeni mstari wa kwanza kama mnatumia 1,000 au 1,024. Na herufi ziangalieni: B kubwa ni baiti, b ndogo ni biti, na baiti moja ni biti 8. Intaneti ya Mb 8 kwa sekunde inashusha MB 1 tu kwa sekunde.

Kidato5_Moshi
Asanteni sana wakuu. La ROM limeeleweka, tunaanza nalo jioni hii.