Mrejesho: Zulia lililoingia hina, mchuzi na nta

Wakuu, narudi kwenye lile ombi langu la njia za kutoa madoa ya hina, mchuzi na nta kwenye zulia jeupe la sebuleni lililochafuka kwenye harusi ya mdogo wangu. Asanteni sana nyote mlionijibu.

Nta ya mshumaa imetoka yote. Niliigandisha kwa barafu, nikaibandua kwa kijiko, kisha nikapitisha pasi ya moto mdogo juu ya karatasi ya kaki. Karatasi ilinyonya mabaki.

Mchuzi wa biriani uliniletea kazi zaidi. Sabuni ya kuoshea vyombo na maji ya uvuguvugu, kugongagonga kwa kitambaa cheupe kutoka pembeni kuelekea katikati bila kusugua, vilitoa mafuta, lakini manjano ya bizari yakabaki palepale. Aliyesema nilianike juani, Mungu akubariki! Jua limeyafuta lenyewe.

Hina ndiyo imegoma. Siki haikufanya kitu. Haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 kutoka duka la dawa, niliyoijaribu kwanza kwenye kona iliyofichwa na kochi, imelififisha doa kutoka kahawia hadi rangi ya chungwa iliyopauka. Ukijua lilipo, unaliona. Zulia langu ni la nailoni. Mwenye zulia la sufu awe mwangalifu sana, maana hina hushika sufu kama inavyoshika nywele. Mlionishauri jiki, samahani, huko sikuthubutu.

Kwa sasa nimeweka stuli juu yake. Mwenye dawa nyingine ya hina asisite kuniambia.