Fumbo la kwanza la Project Euler: jumla yangu inazidi, naomba kidokezo

Muulizaji, Shangani, Mtwara
Ndugu zangu, nimekwama kwenye fumbo la kwanza la Project Euler, tovuti ya mafumbo ya hesabu yanayofumbuliwa kwa kuandika programu, linalotaka jumla ya namba zote zilizo chini ya 1000 zinazogawanyika kwa 3 au kwa 5. Nilijumlisha vigawe vya 3, kisha vya 5, nikapata 266333, lakini jibu limekataliwa. Naomba kidokezo tu, kwa kuwa natamani sana kulifumbua mwenyewe.

Jibu kutoka Mikindani
Mdogo wangu, fikiria ghala la korosho ambamo kila gunia la tatu limetiwa alama nyekundu na kila la tano alama ya bluu. Ukihesabu alama badala ya magunia, gunia la 15 utalihesabu mara ngapi?

Muulizaji
Mara mbili, kaka! Nimeondoa vigawe vya 15 na jibu limekubaliwa. Ahsante sana.

Jibu kutoka Lindi
Hongera. Sasa lirudie bila kitanzi (loop), yaani bila programu kupitia namba moja moja: jumla ya 1 hadi 333, ambayo ni 333 mara 334 gawanya kwa 2, ukiizidisha kwa 3 unapata jumla ya vigawe vyote vya 3 kwa hatua moja, na hata kikomo kingekuwa bilioni moja, programu yako isingechelewa.