Mtoto wa Gongoni anafundishwa chumvi kwa karatasi ya manila. Hadi lini?

Wanajukwaa, salaam. Nimeandika uzi huu nikiwa nimekasirika na sitaupoza.

Mimi ni mwalimu wa sekondari msingi, kaskazini mwa Malindi. Anayeijua barabara ya Gongoni kwenda Marereni anajua ninachokisema: mabwawa ya chumvi yametanda mpaka macho yachoke, na marundo meupe yamesimama kando. Sehemu kubwa ya chumvi inayoliwa Kenya inatoka ukanda huu. Wanafunzi wangu ni wana wa watu wanaoikwangua chumvi ile juani.

Gredi ya 7, Sayansi Jumuishi, kuna mada ya michanganyiko na jinsi ya kuitenganisha. Uvukizaji umo. Nikaletewa maazimio ya kazi, yaani mpango wa vipindi vya muhula, yaliyonunuliwa mtandaoni, yamepigwa muhuri kabla mwalimu wa somo hajayaona. Kipindi cha kwanza, wanafunzi wataje michanganyiko. Cha pili, watie chumvi majini, wachemshe, waone imebaki. Kisha wachore kwenye manila, wabandike ukutani, wapigwe picha. Andika "kufikia matarajio", yaani mtoto ameelewa, hamia mada nyingine.

Basi niliwauliza watoto waliokwisha kupewa "kufikia matarajio" hiyo: mbona mabwawa yale ni mapana na hayana kina? Kimya. Mbona uvunaji husimama masika yakiingia? Mmoja akanijibu ni kwa sababu wafanyakazi wataloa. Nikauliza la mwisho: kisima cha kwenu kikiwa na maji ya chumvi, ukiyachemsha yatakuwa matamu? Karibu darasa zima likasema ndiyo.

Jamani! Mtoto amechemsha maji ya chumvi kwa mkono wake, ameona chumvi imebaki sufuriani, amechora na kupaka rangi, na bado anaamini kuchemsha kunaondoa chumvi! Na faili linasema ameelewa. Wallahi hili ndilo linaloniumiza. Watoto hawa hawana upungufu wa akili. Mada yenyewe ilipangwa kuanzia shughuli, na hakuna aliyejiuliza mtoto abaki na nini kichwani shughuli ikiisha.

Mada hupangwa kuanzia mwisho. Kwanza niseme ni jambo gani nataka mtoto aweze kulieleza kwa maneno yake muhula ukishapita. Hapa ni moja tu: maji yanaondoka yakiwa mvuke, kilichoyeyuka ndani yake kinabaki. Pili, niamue ni kazi gani itanionyesha kwamba ameelewa, na isiwe ile ile niliyomfundishia. Swali la kisima linatosha: achore chombo cha kupatia maji ya kunywa, aeleze kwa nini ni lazima chombo hicho kinase mvuke. Nikishajua hayo ndipo nichague shughuli. Maji ya bahari ya kipimo kimoja, nusu kwenye sinia, nusu kwenye chupa, yote juani. Watoto watabiri kwanza na waandike, kisha wapime kila siku. Hapo upana wa bwawa utajieleza wenyewe, na masika pia: mvua inarudisha maji yale yale ambayo jua limekuwa likiyaondoa.

Halafu mlete mzazi mmoja anayefanya kazi kule aeleze kwa nini maji yanahamishwa kutoka bwawa hadi bwawa. Hapa mada ina utajiri ambao maazimio ya kununua hayana habari nao. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi za aina mbalimbali, na haziji pamoja. Maji yakipungua, jasi hutangulia kuganda. Chumvi ya kula hufuata. Chumvi za magnesi hubaki mwisho katika maji machungu, ndiyo maana maji hayo huondolewa kabla hayajakauka kabisa. Mtoto akilielewa hilo ameelewa utenganishaji kuliko kukariri majina ya mbinu zote.

Mtaala wenyewe haunikatazi. Swali dadisi, lile la kumfanya mtoto achunguze, lina nafasi yake, na mwalimu anaruhusiwa kuleta shughuli zake. Lakini afisa wa elimu alipokuja, alichotaka kujua ni mbona sifuati maazimio yenye muhuri. Hakufungua daftari hata moja la mwanafunzi. Hakuna anayeketi na kazi za watoto mada ikiisha akasema hapa walipotea, mwakani tubadilishe hapa. Maazimio ya mwaka jana yanarudi kama yalivyo, kilichobadilika ni tarehe.

Na msiniambie mtaala bado ni mpya. Kundi la kwanza limeshafanya KJSEA, mtihani wa mwisho wa Gredi ya 9, mwaka 2025.

NYONGEZA: Nimesoma majibu yenu. Anayesema hakuna vifaa, sinia na chupa ziko kila nyumba, na jua la Malindi halina bei. Anayesema walimu tumebebeshwa masomo ambayo hatukusomea, hapo nakuunga mkono kabisa, na ndiyo sababu mada isiandikwe na mtu mmoja peke yake usiku.

Ninalotaka ni hili: walimu wa Sayansi kuanzia Mambrui hadi Marereni tukutane likizo ya Agosti, tuiandike upya mada hii moja, madaftari ya watoto yakiwa mezani. Aliye tayari aandike jina la wadi yake hapa chini. Anayeuza maazimio asinitumie ujumbe.