Naomba ushauri: kupima matokeo ya mikopo kwa wakulima wa alizeti

Ndugu wanajukwaa, habari za kazi.

Mfuko wetu mdogo unawakopesha wakulima wa alizeti mkoani Singida mbegu bora na mashine za kukamulia mafuta, na wawekezaji wanataka kujua, mbali na marejesho, maisha yamebadilika kiasi gani. Tumetumia viashiria vya IRIS+ (mfumo wa kimataifa wa kupima matokeo ya uwekezaji kwa jamii na mazingira) kuwahoji wakopaji kabla ya msimu na baada ya mavuno. Kipato kimepanda, lakini mvua ilikuwa nzuri na bei ya gunia ilipanda kwa wote. Hata jirani asiyekopa kwetu ameezeka bati, hivyo kudai kwamba ongezeko lote ni letu naona si haki.

Je, walio kwenye orodha ya kusubiri mkopo wanafaa kuwa kundi la kulinganisha? Na tusiomudu utafiti mkubwa tuwahoji wangapi?

Natanguliza shukrani.